Vipimo Vitatu Sawa

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, fundi alijipima mwenyewe. Alijizungushia tepu kiunoni, akasoma namba, akaiandika kwenye daftari la wateja. Na yeye alikuwa na ukurasa wake humo.

Namba zilikuwa zinashuka. Miezi saba iliyopita daktari alimwambia presha yake iko juu na apunguze uzito. Fundi hakubishana. Alianza kutembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini. Alipunguza sukari na mafuta. Kilo kumi na nne zilitoka. Presha ikatulia.

Wateja walimpongeza. Lakini wateja hawakuwa wakikaa mbele ya kioo kirefu cha kujaribia nguo kutwa nzima. Fundi alikuwa akikaa hapo, na aliona shingo yake. Ngozi chini ya kidevu ilikuwa imelegea. Alipoinama kwenye cherehani, ilishuka pamoja naye.

Ukutani, juu ya cherehani, kulikuwa na picha tatu. Kila picha ilikuwa na wanawake wawili wanaofanana kabisa. Mmoja alikuwa fundi, mwingine alikuwa pacha wake, ambaye aliishi mbali. Walipiga picha ya kwanza walipotimiza miaka ishirini, ya pili thelathini, ya tatu arobaini. Kila mara fundi alishona magauni mawili ya kitambaa kimoja.

Nyumbani mapacha waliitwa Wa Kwanza na Wa Pili. Fundi ndiye aliyezaliwa kwanza. Mama yao, ambaye sasa aliketi mlangoni akishona vifungo, alikuwa na macho makali. Alitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini mapacha wake walimshinda tangu siku walipozaliwa. Kila akionyeshwa picha alinyoosha kidole, akasema, "Huyu Wa Kwanza," na kila mara alikosea. Mabinti wake walicheka hadi machozi. Huo ndio ulikuwa mchezo wa nyumba yao.

Sasa zilibaki siku kumi na sita watimize hamsini. Pacha alikuwa anakuja. Fundi alimwonea haya pacha wake kwa mara ya kwanza maishani.

Asubuhi hiyo aliokota karatasi iliyosukumwa chini ya mlango. Ilisema: "Kaza ngozi kwa saa moja. Bila kisu. Bila kusubiri." Chini yake kulikuwa na picha ya mashine na namba ya simu. Akapiga hapo hapo. Akapangiwa Jumamosi.

Mchana aliingia jirani yake, nesi wa kliniki ya ngozi, amebeba sare yake begani.

"Fundi, nimekuja tena. Sare inanipwaya. Leo utanipunguzia au utanifukuza?"

"Simama hapa." Fundi alimpima, akafungua daftari. "Mwezi uliopita themanini na nane. Leo themanini na tano. Mtoto wako ana miezi mingapi?"

"Mitano."

"Basi mwili bado unarudi. Nikikata leo, mwezi ujao utakuja kulalamika. Soma pale."

Nesi hakuhitaji kusoma. Kila mteja alilijua kadibodi lile lililobandikwa karibu na kioo. Fundi aliliandika kwa mkono wake: "Wanaopungua na wanaonenepa: vipimo vitatu sawa, mwezi kwa mwezi, ndipo nikate."

"Haya, nimefukuzwa," nesi alisema akicheka. Alipogeuka, aliiona karatasi juu ya meza. "Na hii ni ya nani?"

Fundi aliona aibu, lakini hamu ya kujua ilimzidi. "Ni yangu. Hebu niambie, mdogo wangu. Hiyo mashine ni kweli au ni maneno matupu?"

"Mashine zipo. Hata kwetu ipo moja. Haikati ngozi. Inapeleka joto chini yake."

"Joto! Inapika?"

"Ikishikwa na asiyejua, inaweza kuunguza. Kwa anayejua, joto linakuwa la kipimo. Mwili unashtuka, unaanza kutengeneza nyuzi mpya."

Fundi aliweka mkasi chini. "Ngozi ina nyuzi?"

"Nyuzi laini sana, huzioni kwa macho. Ndizo zinazoishika ngozi isilegee. Umri unazipunguza. Jua kali linaziharibu, na sigara pia. Na mtu akipungua kilo nyingi, ngozi iliyokuwa imejaa inabaki bila cha kuijaza."

"Sasa hizo nyuzi mpya zinatengenezwa kwa saa moja?"

"Ingekuwa hivyo, kliniki yetu ingekuwa na foleni hadi barabarani. Saa moja ni ya kulala kitandani tu. Mabadiliko yanakuja polepole, miezi miwili, mitatu, wengine hadi sita. Na wengi hurudi zaidi ya mara moja, wiki kadhaa zikipita katikati."

"Picha ni baada ya siku kumi na sita."

"Basi siku ya picha hakuna atakayeona kitu. Labda uvimbe kidogo, kama haujaisha. Mtu mwenye shughuli huhesabu kurudi nyuma. Aanze miezi mingi kabla."

Mama alisogeza kiti chake ndani. "Na kila mtu anaweza kwenda?"

"Hapana, bibi. Mjamzito asubiri ajifungue. Mwenye kidonda au vipele mahali pale asubiri vipone. Aliyeungua na jua asubiri. Mwenye kifaa cha moyo kifuani, au chuma mwilini, lazima aseme mapema, kwa sababu mashine nyingine hazimfai kabisa. Na kila rangi ya ngozi ina mashine na kipimo chake, la sivyo unatoka na madoa."

"Na mimi?" Mama alishika shingo yake ya miaka sabini na sita.

"Bibi, ngozi ikishalegea sana mashine haifui dafu. Daktari mkweli atakuambia."

"Nilikuwa nauliza tu, nisiachwe nyuma."

Walicheka wote. Kisha nesi akaliangalia daftari lililokuwa wazi. "Dada, ukurasa wako uko wapi?"

Fundi alimfungulia. Nesi alipitisha kidole kwenye namba za mwisho. Tisini na tisa. Tisini na sita. Tisini na nne. Tisini na moja.

"Umepungua kwa kutaka?"

"Kwa kutaka. Daktari anajua."

"Vizuri. Anayepungua bila sababu aende hospitali kwanza, ngozi baadaye. Lakini wewe bado unapungua. Ukikaza leo, kilo zikaendelea kutoka, ngozi italegea tena." Nesi alinyoosha kidole kwenye kadibodi.

Fundi alilisoma kadibodi lake mwenyewe kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine. Miaka ishirini na mbili alikuwa akiwarudisha watu nyumbani kwa maneno yale.

"Lakini sitaki Pacha anione hivi," alisema.

Hata hivyo alipiga simu kwenye ile namba. Aliuliza ni nani atakayeishika mashine na amesomea wapi. Aliuliza kama daktari atamwona kwanza. Sauti ikajibu, "Mama, wewe njoo, maswali hapa hapa." Fundi akafuta miadi.

Pacha alifika siku mbili kabla ya siku yao. Kituoni alishuka na sanduku, akatazama huku na huku, akampita fundi. Alimpita kabisa. Mpaka fundi alipoita "Pacha!" ndipo akageuka.

"Ni wewe?" Wa Pili alimshika mashavu kwa mikono miwili. Yeye alikuwa amenenepa, kifuani gauni limembana. "Mwenzangu umeenda wapi?"

Walipiga picha. Magauni yalikuwa ya kitambaa kimoja, lakini moja lilichukua kitambaa kingi zaidi. Mama aliichukua picha, akainyanyua kwenye mwanga wa mlango.

"Huyu Wa Kwanza," alisema. "Na huyu Wa Pili."

Alikuwa amepatia. Hakuna aliyecheka. Mama mwenyewe aliishusha picha taratibu, kama mtu aliyevunja kitu cha watu.

Jioni mapacha waliketi pamoja kwenye benchi la wateja. Fundi alimweleza dada yake yote, karatasi, nyuzi, kadibodi. Wa Pili aliuliza maswali hadi chai ikapoa.

"Nami presha inanisumbua, sikukuambia," alisema mwisho. "Tufanye hivi. Mwaka kesho, siku hii hii, tupige tena. Mimi nitembee. Wewe ungoje vipimo vyako."

Fundi alingoja. Miezi miwili ya kwanza namba bado zilishuka. Kisha ikaja themanini na sita. Mwezi uliofuata, themanini na sita. Uliofuata tena, themanini na sita. Siku hiyo alipiga vigelegele peke yake dukani. Kwa bahati nzuri nesi naye alikuwa ametimiza vipimo vyake. Alikuja na sare, akatoka nayo imepunguzwa, na akamwandikia fundi miadi ya daktari wa kliniki yake.

Daktari aliishika ngozi, akaitazama kwenye taa. Akauliza dawa anazotumia, magonjwa, na kama ana chuma mwilini. "Inafaa," alisema. "Lakini usitegemee shingo ya miaka ishirini. Utapata nafuu ya kiasi."

"Kiasi kinanitosha. Nimechoka kuinama na kuiona ikishuka."

Alikwenda mara tatu, mwezi kwa mwezi. Alisikia joto, kama pasi inayopita juu ya kitambaa kizito. Ngozi ilivimba kidogo, ikatulia baada ya siku mbili. Alitembea na kofia pana na kujipaka mafuta ya kukinga jua. Mwezi wa kwanza hakuona kitu. Wa pili alidhani ni kioo. Wa tatu aliinama kwenye cherehani na ngozi haikushuka kama zamani.

Mwaka ulipotimia, Pacha alishuka kituoni amepungua, anatembea kwa madaha. Safari hii hakumpita fundi. Walipiga picha.

Fundi alikuwa akipima pindo, pini mdomoni, mama alipoichukua picha hiyo na kwenda nayo mlangoni. Aliitazama kwa muda mrefu. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Kisha akaweka kidole juu ya uso wa Wa Pili.

"Huyu Wa Kwanza."

Fundi alitema pini zote, akacheka hadi akashika ukuta. "Umekosea, mama," alisema, na akaenda kumkumbatia.