Tiya na Rafiki Aliyetaka Siri

Wazazi wa Garissa, na nyinyi wa Wajir mliowapeleka watoto wenu kwa jamaa mjini wakasome, nisikilizeni niwasimulie yaliyomfika Tiya binti Gollo.

Tiya alizaliwa Hadado, katika boma lililokuwa na ngamia na mbuzi wa kutosha. Asubuhi aliamshwa na mlio wa kengele za mbao shingoni mwa ngamia, na mama yake akikamua huku akiimba kwa sauti ya chini. Hakujua upweke ni kitu gani, maana hata akikaa kimya alikuwa katikati ya watu wake.

Kisha mvua ikakatika, msimu baada ya msimu. Mifugo ikafa. Gollo akawaswaga mbuzi waliosalia kuelekea Eldas kutafuta malisho, mama akabaki na wadogo, na Tiya, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa masomo, akapelekwa Garissa kwa shangazi yake Sake.

"Huko hutakosa mwalimu," mama alimwambia wakati wa kuagana.

Kweli, mwalimu hakumkosa. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye.

Shangazi Sake aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Alfajiri alikuwa ameshatoka, na magharibi alirudi miguu imevimba, akaswali, akala, akajinyoosha mkekani. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani tu kwamba mtoto akishapata chakula na sare ya shule amepata vyote. Wangapi kati yetu tunadhani hivyo?

Shuleni, Tiya aliingia gredi ya sita. Wenzake walizungumza Kisomali, naye lugha yake ni Kiborana. Kisomali alikiokota neno hapa na neno pale. Siku moja alisimama kujibu swali kwa Kiswahili, ulimi ukamkwama, na darasa zima likacheka.

"Hii Kiswahili yako ulifundishwa na mbuzi?" mmoja akamuuliza.

Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena. Wakati wa mapumziko wasichana waliporuka kamba, yeye alikaa nyuma ya tangi la maji, akichora ngamia mchangani na kuwafuta kwa kiganja.

Mtu pekee aliyemwita kwa jina ni Mwalimu Mutheu, mama wa makamo kutoka Mwingi. Walimu wengi wa kutoka nje walikuwa wameomba uhamisho kwa hofu ya mashambulizi ya magaidi, lakini yeye alibaki. "Tiya, mgeni mwenzangu, umeamkaje?" alimwambia kila asubuhi, na Tiya alitabasamu kidogo.

Halafu akaja Maka.

Maka alikuwa mwanamke kijana aliyepanga chumba cha jirani, mpole, sauti kama ya kubembeleza mtoto. Alimkuta Tiya mlangoni peke yake jioni moja, akamuuliza, "Abaayo, mbona unakaa kama yatima?" Abaayo ni dada kwa Kisomali. Tangu atoke Hadado hakuna aliyemwita dada. Tiya alilia mpaka akaona haya.

Ikawa kila jioni ni kwa Maka. Alimsuka nywele, akampa chai ya maziwa, akamsikiliza. Aliuliza habari za ngamia waliokufa, na alikumbuka hata majina yao. Jamani, sumu haiji ikinuka. Huja katika kikombe kitamu, mkononi mwa mtu anayekupenda kuliko wanavyokupenda wengine, au ndivyo unavyoona.

Maneno mengine yalikuja polepole. Kwanza kwamba wanafunzi wanaomcheka si waumini wa kweli. Kisha kwamba kumwamkia mwalimu asiye Mwislamu ni dhambi. Kisha kwamba ng'ambo ya mpaka wa Somalia, kupita Liboi, kuna mahali wasichana wanaishi pamoja kama dada, wanasoma dini, na hakuna anayekaa peke yake.

"Ila usimwambie mtu," Maka alisema. "Hata mama. Watu hawaelewi mambo ya Mungu."

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Mutheu aliposema, "Mgeni mwenzangu, umeamkaje?" Tiya alitazama chini akapita. Mwalimu hakumwita wala hakumkaripia. Alibaki amesimama na chaki mkononi. Kwa siku kadhaa aliona mtoto akihamisha dawati lake mbali na meza yake, akaona michoro ya mchangani imekoma. Ndipo akaenda kwa Ustadh Aden, mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu pale shuleni.

"Kuna mtu anazungumza na huyu mtoto," akamwambia. "Akiwa na maswali ya dini, mimi siwezi kumjibu. Wewe unaweza."

Shule hiyo ilikuwa na desturi nzuri: siku moja kwa wiki Ustadh Aden aliruhusu swali lolote, na hakuna mwanafunzi aliyeadhibiwa wala kuchekwa kwa alichouliza. Wiki hiyo alikaa juu ya dawati badala ya kiti chake, akangoja. Hatimaye mkono mmoja uliinuka nyuma.

"Ustadh," Tiya alisema, "kumwamkia mwalimu asiye Mwislamu ni dhambi?"

Vichwa vikageuka nyuma. Ustadh hakushtuka.

"Umeuliza vizuri. Asma binti Abubakar alitembelewa na mama yake, ambaye hakuwa Mwislamu. Akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, amfanyie nini. Mtume akamwambia aunge udugu na mama yake. Sasa, mtu anayekufundisha na kukutakia heri utamnunia kwa lipi?" Akaligeukia darasa zima. "Na jambo jingine, watoto wangu. Jambo jema halifichwi wazazi. Mtu akikwambia usimwambie mama, muulize anaogopa nini."

Maneno hayo yalimkaa Tiya moyoni. Jioni alimuuliza Maka, "Nikimwambia mama tu, kuna ubaya gani?"

Upole ukamtoka Maka usoni. Alimshika mkono kwa nguvu. "Umeshasema na nani?"

"Sijasema na mtu."

"Ukisema, wadogo zako wa Hadado watalipia. Tunajua wanapoishi." Kisha akamwachia, akatabasamu tena, akarudi kumsuka.

Tiya alikaa kichwa kikivutwa huku na huku, akaelewa kwamba ameachwa peke yake zaidi kuliko alivyokuwa nyuma ya tangi. Rafiki aliyempata hakuwa rafiki, na kumtaja hawezi.

Kesho yake asubuhi, Maka alimngoja njiani. Gari dogo lilikuwa limesimama kando ya barabara, na ndani yake msichana wa rika la Tiya, amevaa sare ya shule nyingine. Aliitwa Ubah. Alimpisha Tiya akae, akamwambia kwa furaha, "Huko tutalala chumba kimoja, mimi na wewe." Tiya alipanda kwa kuwahofia wadogo zake. Alimtazama Ubah, asijue la kumwambia.

Shuleni, Mwalimu Mutheu aliita majina, Tiya hakuitika. Hapo walikuwa na kanuni: mtoto asipofika, mwalimu wake hangoji kesho. Alimpigia Sake simu.

"Si yuko shule?" Sake aliuliza. "Nilimwacha amevaa sare yake."

Sake aliacha mitungi ya maziwa wazi akakimbia. Jirani mmoja akasema amemwona mtoto akiingia garini na Maka. Ustadh Aden akampigia chifu, chifu akawapigia wazee na polisi, na habari ikatangulia gari barabarani.

Lakini walioiba watoto nao walikuwa na akili. Njiani, kwenye kituo kidogo, Maka aliwashusha, akamwingiza Ubah katika gari jingine lililopita njia ya vichakani, na Tiya akamrudisha katika lile la kwanza. Ubah alimpungia Tiya mkono akicheka, kama mtu anayekwenda sherehe.

Gari la Tiya lilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi kabla ya Liboi. "Huyu ni mdogo wangu," Maka alisema. Afisa akamwinamia mtoto. "Ni kweli?"

Tiya alifikiria wadogo zake. Kisha akasema, "Hapana. Mimi ni wa Mwalimu Mutheu." Hakujua kwa nini alisema hivyo. Ndilo jina lililomjia. Maka alikamatwa pale pale. Tiya akasema yote, ya Ubah na ya wadogo zake, na chifu wa Hadado akatumiwa habari awalinde.

Wapo waliotaka Tiya afukuzwe shule. "Atawaharibu wengine," mzazi mmoja alisema mkutanoni. Mwalimu mkuu, Bwana Alio, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tukimfukuza," akajibu, "tutakuwa tumemaliza kazi ya yule mwanamke. Huyu ni mwanafunzi wetu. Anarudi darasani."

Sake alijifunza kufunga biashara mapema, ingawa mapato yalipungua, akae na mtoto jioni. Msichana aitwaye Ilhan, mmoja wa waliomcheka, alianza kurudi naye nyumbani, mwanzo wakitembea bila neno.

Na Ubah? Shule yake ilidhani anaumwa. Nyumbani walidhani yuko kwa nyanya yake. Polisi walipofuata gari lile walikuta alama za magurudumu zimepotelea mchangani. Mama yake huja shuleni kwa Tiya mara kwa mara, hukaa naye benchini.

"Alikuwa anaogopa?" humuuliza.

"Hapana, mama. Alikuwa na furaha."

Mama huitikia kwa kichwa, akajitanda buibui lake, akaenda zake.

FUNZO

Ndugu zangu, wanaowapotosha watoto hawaanzi na bunduki. Huanza kwa kukaa na mtoto ambaye sisi hatukukaa naye. Mzazi, chakula na sare havitoshi. Mpe mtoto sikio lako. Mwalimu, swali la mtoto lijibu, usilipige fimbo, na kiti kikiwa kitupu usingoje kesho. Mwanafunzi, usimcheke mgeni, maana kicheko chako ndicho kinachomfungulia adui mlango. Na wewe mtoto, mtu akikutaka urafiki wa kumficha mama yako, huyo hakutaki mema. Mwambie mtu mzima unayemwamini, hata kama umetishwa, hata kama umechelewa.

Tiya alitafutwa kwa sababu mtu aligundua hayupo. Ubah hakutafutwa mapema. Hiyo ndiyo tofauti yao, wala hakuna nyingine.