Kopo la Dawa la Bi Mabruka

Nyumbani kwetu Ibra kahawa ya asubuhi haikosi. Jirani yetu, Bi Fawziya, huja. Mama yetu, Bi Mabruka, humwekea tende, na mazungumzo huanzia kwenye magoti. Wote wawili magoti yanawauma. Kisha mama hufungua kopo la biskuti. Ndani hamna biskuti, mna vidonge.

"Chukua hivi vyangu vya hospitali ya Sur," mama humwambia. "Na weye nipe vyako vya Nizwa."

Wakikirimiana dawa kama tende. Mie, Sheha, nikipita na birika, nikiwamiminia kahawa tu. Mie mwalimu wa hesabu, dawa nitazijulia wapi? Na daktari tunaye ndani: mdogo wangu Badria, miaka kumi yuko kituo cha afya.

Badria akirudi kazini amechoka.

"Shikamoo, mama. U hali gani?"

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillah."

Basi, yamekwisha. Kwetu mzee haulizwi mara ya pili.

Ramadhani ile mama alivimba miguu. Tukadhani ni uchovu wa saumu. Siku ya Idi hakuweza kuinuka. Hospitali wakatwambia figo zote mbili zimeharibika. Tangu hapo, mara tatu kwa wiki, anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Badria akaacha kula. Akikaa na lile kopo mapajani.

"Miaka kumi, Sheha, na mama mzazi kaniponyoka. Mie si daktari. Kazi yangu kuandika dawa tu."

Kusema kweli, nami nilikuwa nikimlaumu.

Daktari Hood, anayefanya kazi naye, alikuja kumtazama mama. Yeye alisomea udaktari wa familia baada ya miaka mingi kazini. Akamwaga vidonge mkekani.

"Vya Sur na vya Nizwa majina mbalimbali, dawa moja. Ni ya kutuliza maumivu. Mwenye presha na sukari kama mama yenu akiimeza maradufu kila siku, figo zinaumia. Daktari wa Sur alitazama goti. Wa Nizwa, goti la Fawziya. Hapana aliyemtazama mwenye goti."

"Dawa hizo nazijua," Badria akasema.

"Dawa unazijua. Je, ulifundishwa kumuuliza mtu anavyoishi? Anameza dawa za nani, anakuficha nini? Hiyo ni fani ya udaktari wa familia, na inasomewa miaka minne. Madaktari walioko kazini wanarudi kuisoma."

"Nina miaka thelathini na tisa."

"Mie nilianza nina arubaini na moja."

"Na figo za mama zitarudi?"

"Hazirudi," akasema Daktari Hood.

Badria akakataa kwenda kusoma. Mama apelekwe kwenye mashine na nani? Mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri.

"Nenda. Sheha atanipeleka."

Nikampeleka miaka minne, na miaka yote minne nilinung'unika.

Badria alihitimu mwaka jana, akarudi Ibra. Bi Fawziya tulikuwa tumeshamwonya, akaacha vidonge vya mama. Lakini magoti hayakuacha kuuma. Asubuhi moja alikuja kunywa kahawa, miguu imevimba. Badria akaketi naye mkekani.

"Shikamoo, Bi Fawziya. U hali gani?"

"Marahaba. Alhamdulillah."

"Alhamdulillah. Na usiku magoti yanakuacha ulale?"

Bi Fawziya akayapapasa magoti yake. Badria akamngoja.

"Hayaniachi."

"Unameza nini? Hata vya kupewa, niambie. Sitokugombeza."

Akatoa karatasi ya vidonge mkobani. Vidonge vilevile, kapewa na shoga yake wa mji wa Jalan Bani Bu Ali. Badria akamwachisha siku ile ile na kumpeleka kupimwa damu. Figo zilikuwa zimeanza tu kuchoka. Baada ya miezi miwili zilikuwa sawa, na magoti anayatibu kwa mazoezi na dawa nyingine.

Lakini asubuhi ile, Bi Fawziya alipokwenda kuvaa buibui, mama alikuwa amejilaza pale pembeni, mkono wake wa mashine juu ya mto. Alikuwa amesikia yote.

"Maswali mazuri hayo, mwanangu," akasema. "Hata mie ningekujibu."

Kesho yake ilikuwa siku ya mashine, na Badria ndiye aliyempeleka.