Nusu Iliyofungwa

Siku Dalmas Ogutu alipotoweka, ndege ya asubuhi kutoka Nairobi ilitua Kisumu saa tatu na robo. Haikuchelewa hata dakika moja.

Kuhakikisha hivyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mwaka huo wa 1996 njia ya kurukia ndege ilikuwa ikichimbwa na kuwekwa lami mpya, na kwa miezi mitano hakuna rubani aliyewahi kuambiwa ageuke. Dalmas, saveya wa uwanja, ndiye aliyepanga. Aliikata njia vipande viwili kwa mstari wa mapipa. Nusu ya upande wa ziwa ilifungwa na kuwekewa msalaba mkubwa mweupe, ili rubani aliye juu ajue haruhusiwi kuikanyaga. Nusu ya upande wa mji ikaachwa wazi. Robo saa kabla ya kila ndege, bendera nyekundu ilipanda, greda zikaondoka, watu wakasogea kando. Ndege ikapita juu ya nusu iliyofungwa, ikatua kwenye ile iliyo wazi. Bendera ikashuka, kazi ikaendelea.

Jumatano hiyo ubao wa ratiba ulikuwa na mwandiko wake.

Kiti chake kilikuwa kitupu.

Dishon Wakoli alisimama mlangoni akikitazama. Uwanjani walimjua kama saveya msaidizi, Mbukusu mpole asiye na maneno. Ndani ya sanduku lake la vifaa, chini ya darubini ya kupimia aina ya Wild, kulikuwa na kamera ya Nikon na bastola ya Beretta yenye risasi kumi na tano. Alikuwa jasusi. Alitumwa kutafuta njia inayopitisha bunduki kutoka ng'ambo ya ziwa. Mtu mmoja tu mjini ndiye aliyejua.

Jana yake jioni mtu huyo alimpigia simu dukani, chini ya chumba alichopanga mtaani Migosi.

"Kuna alama za tairi kwenye lami mpya," Dalmas alisema.

"Nusu iliyofungwa?"

"Ndiyo. Si lori, omera, ndugu yangu. Magurudumu matatu. Ni ndege ndogo. Jumamosi mbili mfululizo."

"Umemwambia nani?"

"Nimemuuliza Gordon tu, nyapara."

Wakoli aligeukia ukutani. Dukani palikuwa na watu wengi, na mwenye duka alikuwa akisikiliza.

"Usimuulize mtu mwingine," alisema. "Tutaongea kesho."

Kesho ikafika bila Dalmas.

Ijumaa wavuvi wa Usoma walimkuta kwenye magugu maji, uso chini, kisogo kimepasuka. Wakoli aliusaidia mwili kutolewa majini. Halafu akaenda posta, akaingia kibanda cha mwisho, akapiga namba ya Nairobi.

"Lami imepasuka," alisema.

"Kiasi gani?"

"Mtu mmoja."

Sauti ya upande wa pili ilipumua. "Mgeni wako atarudi lini?"

"Kesho hathubutu. Jumamosi ijayo, nadhani."

"Basi usifunge njia. Ukifunga, haji. Ndege ya abiria itue kama kawaida. Nataka rubani, mzigo na mwenyeji wao. Na risasi hata moja isielekee kwa abiria. Una watu wangapi?"

"Wanne."

"Wanatosha."

"Hawatoshi, mzee."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Jumatatu, ubao ulikuwa na mwandiko mwingine. Siku nyingine zote muda wa watu kukaa kando ulikuwa robo saa. Jumamosi peke yake, dakika arobaini na tano.

"Nani amebadilisha?" Wakoli aliuliza.

"Mimi." Gordon Opande, nyapara, mtu wa Awasi mwenye mabega mapana, alikuwa akinywa chai. "Baada ya mambo ya Dalmas lazima tuwe waangalifu. Usalama, bwana."

"Jumamosi tu?"

Gordon alicheka. "Wewe Mbukusu, kazi yako ni kupima. Ukimaliza, nenda utafute kuku mnayempenda."

Wakoli naye akacheka. Kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Alirudi kwenye darubini yake, na pale ndipo alipouona mpango wote. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu, kwa hiyo ndege hushuka zikitokea ziwani. Ndege ndogo ingekuja nyuma ya ile kubwa, chini chini, ikigusa maji kwa kivuli chake. Ngurumo ya ile Fokker ya abiria ingemeza sauti yake. Watu wote wangekuwa wameondolewa, na vilima vya kokoto alivyorundika Gordon vingeuzuia mnara usione. Jumamosi mbili zile zilikuwa za majaribio: kugusa na kuondoka. Safari hii ilihitaji dakika za kupakua.

Na baada ya hapo muuaji wa Dalmas angepanda na kwenda zake.

Jinsi ya kuwafungia njia ndiyo iliyokuwa taabu. Funguo za mashine zote zilikaa mfukoni mwa Gordon. Gari la polisi kwenye nyika ile tambarare lingeonekana kutoka juu, maili tano. Kitu pekee ambacho rubani yeyote angekiona pale bila kushtuka ni ng'ombe.

Wakoli alivaa koti lake jeusi akaenda Usoma kutoa pole.

Boma la kina Ogutu lilikuwa mita mia tatu nje ya uzio wa uwanja. Milka, mama yake Dalmas, alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, kanga imefungwa kiunoni. Kando yake alikaa Mzee Nyawanda, ami wa marehemu.

"Jumamosi asubuhi tunafanya tero buru," mzee alisema. "Unaijua, saveya? Tunakifukuza kifo. Kwa ng'ombe, kwa mikuki, kwa pembe. Mchana tunamzika."

"Ng'ombe watapita wapi?"

"Zamani walikwenda mpaka ziwani, pale mtoto alipookotwa. Siku hizi mmetuwekea nyaya."

"Na nyaya zikilegea?"

Mzee alisogea karibu. "Sema unachosema."

Wakoli aliinama. "Aliyemuua Dalmas atakuwa ndani ya uzio ule Jumamosi saa tatu na dakika ishirini. Kuna ndege ndogo inamfuata. Nataka isiondoke."

Kuku alipita katikati yao.

"Ng'ombe wangapi?" Milka aliuliza.

"Mama, ni hatari. Huenda wana bunduki."

"Sikukuuliza bunduki. Nimekuuliza ng'ombe wangapi."

"Wengi iwezekanavyo."

"Usoma nzima ina themanini," mzee alisema. "Watakuja."

"Wasiingie kabla sijainua fimbo yangu ya kupimia. Ndege kubwa itakuwa na watu arobaini hivi."

"Kwani sisi ni watoto?"

Ijumaa jioni, akijifanya anapima mpaka, Wakoli alilegeza nguzo sita za uzio.

Jumamosi.

Saa tatu kamili bendera nyekundu ilipanda. Wafanyakazi walikwenda kukaa kivulini nyuma ya stoo. Lori la buluu lilibaki kando ya kokoto, injini ikiunguruma.

Wakoli alisimama kwenye nyasi upande wa ziwa, jicho kwenye darubini, redio ya Motorola begani. Watu wake wawili walilala nyuma ya kokoto. Wawili walikuwa miongoni mwa waombolezaji, wamejifunga majani kichwani kama wengine.

"Saveya, hapa mnara." Ilikuwa sauti ya Safia, mwongozaji wa ndege, ambaye Wakoli alimweleza mpango usiku uliopita. "Fokker maili sita."

"Nyuma yake?"

"Sioni kitu."

Wakoli aliishusha darubini nusu ya unywele. Maji. Maji. Maji.

Doa jeupe.

"Ninaiona mimi. Iache Fokker itue."

"Saveya, nina watu arobaini na mmoja mkononi."

"Najua, dada."

"Nikiona ng'ombe mmoja amevuka mapipa ya katikati, ninaigeuza. Sitakuomba ruhusa."

"Usiniombe."

Fokker ilipita juu yake kwa ngurumo iliyotikisa miguu ya darubini. Ikauruka msalaba mweupe, ikayaruka mapipa, ikagusa lami upande wa mji. Moshi mdogo wa tairi.

Sekunde nane baadaye ile ndege ndogo, Cessna, ilitua juu ya msalaba.

Wakoli alipiga picha. Moja. Mbili. Lori likatoka, likarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Gordon akashuka na mkoba wa safari. Sanduku la kwanza likatolewa, refu, la mbao. La pili. La tatu.

Wakoli aliinua fimbo.

Pembe ililia.

Uzio ulianguka kama bua. Ng'ombe themanini waliingia wakikimbia, na nyuma yao wanaume wenye mikuki na ngao, wamejipaka matope, wakipiga kelele za kukitisha kifo. Vumbi lilipanda. Ardhi ilinguruma kuliko ndege yoyote.

Rubani, mzungu mwenye shati la kaki, aliona na kuongeza moto. Cessna ikageuka kuelekea ziwani. Njia yote, kutoka nyasi hadi nyasi, ilikuwa pembe tupu. Akageuza tena. Mbele kulikuwa na mapipa, na nyuma ya mapipa ngazi kati ya lami mpya na ya zamani, ambayo ingemvunja gurudumu. Bawa lilimpiga fahali mmoja mweusi ubavuni. Fahali akaanguka. Wengine wakaizunguka ndege kama maji.

Rubani alizima injini.

Watu wa Wakoli walikuwa tayari mlangoni. "Shuka! Mikono juu!"

Gordon hakuingia ndani ya ndege. Alikuwa ameachwa mita kumi kutoka kwenye lori, mkoba mkononi, akitazamana na waombolezaji.

"Rudini!" alipiga kelele. "Hapa ni mahali pa serikali!"

Mzee Nyawanda alikuja mbele, mkuki mkononi, akihema. "Nyapara! Ulikuwa mwenzake kazini. Mbona hukimbii nasi?"

Gordon alifungua mdomo. Mtu wa Awasi, Mjaluo kama wao, alijua jibu ambalo mtu asiye na hatia angelitoa. Angetupa mkoba, angekata tawi, angekimbia pamoja nao. Badala yake alirudi nyuma hatua moja, na mkono ukaingia chini ya koti.

Kila mtu aliuona ule mkono.

Wakoli alikuwa na Beretta yake mkononi na darubini begani, mita nane. Alilenga, kisha akaona kilicho nyuma ya bega la Gordon: Fokker, imegeuka kwenye njia, madirisha yote yakimtazama.

Alitupa bastola kwenye nyasi.

Akakimbia na darubini, miguu yake mitatu mbele. Gordon aligeuka akiwa na bunduki tayari. Mguu wa chuma ulimpiga kifundo cha mkono. Wa pili ulimpata kifuani. Bunduki ilianguka. Wakoli akamkalia mgongoni na kumfunga pingu.

"Alikuuliza swali tu," alisema sikioni mwake.

"Alipima mno," Gordon alisema, mdomo kwenye lami. "Mtu gani anapima kila kitu?"

Wakoli alikaza pingu tundu moja zaidi.

Redio ilikwaruza.

"Saveya, Fokker imefika kituoni. Abiria wanashuka." Safia aliachia kitufe, akakibonyeza tena. "Wanauliza ni sherehe gani ile."

"Waambie ni msiba."

Katika sanduku la kwanza mlikuwa na bunduki kumi na mbili, zimepakwa mafuta na kufungwa kwa magunia. Hakuhesabu mengine. Aliwaachia vijana wake kazi hiyo, akamwendea Mzee Nyawanda, aliyekuwa amepiga magoti kando ya fahali mweusi.

"Ni wako, Mzee?"

"Wa Dalmas."

"Pole."

"Ng'ombe wa mtu huenda na mwenyewe." Mzee alisimama kwa shida. "Tutamla leo. Wewe utakuja?"

"Saa ngapi?"

"Maziko ni saa nane."

Simu ya ofisini ilikuwa inalia alipoingia kuchukua koti lake.

"Ndege ilichelewa?" Nairobi iliuliza.

"Hapana."

"Umewapata?"

"Wote."

"Vizuri. Panda ile ya mchana, urudi."

"Sirudi leo," Wakoli alisema, akakata simu yeye kwanza.

Alitoka nje akapita katikati ya polisi waliokuwa wakifika na ving'ora, hakuna aliyemsimamisha. Alivuka uzio ulioanguka na kushika njia ya Usoma kwa miguu, koti begani, bila haraka.

Jumatatu nusu ya upande wa ziwa inafunguliwa, kama Dalmas alivyopanga. Ndege zitatua huko, na kuchimba kunahamia upande wa mji.