Moto wa Mbao za Mshairi

Kila siku saa kumi jioni, vitabu vilipofungwa na meza kusukumwa ukutani, bwalo la shule liligeuka kuwa ukumbi wa maigizo. Wengine walifagia, wengine walibeba mabenchi, na Redio alitoa amri. Redio alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Sasa alikuwa pia mtunzi mkuu wa mchezo, cheo alichokibeba kwa unyenyekevu mdogo sana.

Mchezo ulihusu maisha ya mshairi wa mji wao, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Mtu yule aliweza kutazama ukuta mtupu akaona farasi, mito na watu wenye mabawa. Kisha alichonga picha na shairi katika ubao mmoja, akaupaka wino na kuuchapa kwenye karatasi. Mwalimu wa sanaa alimtuma Redio kwa mjane wa mshairi huyo Jumamosi tatu mfululizo, akaulize na kuandika. Redio alirudi na daftari lililojaa mpaka jalada.

“Umefanya kazi ya watu watatu,” mwalimu alimsifu.

Kwa kweli alikuwa amefanya kazi ya mtu mmoja, tena aliyelala. Jumamosi zote alijinyoosha nyuma ya maktaba, akabuni kila kitu. Alilojivunia zaidi ni onyesho la mwisho: mke wa mshairi, akiamini mumewe amerukwa na akili, anazitia moto mbao zake zote. Kwenye mazoezi hata mpishi wa shule alilia, na hapakuwa na kitunguu karibu.

Siku ya maonyesho, zikiwa zimebaki dakika arobaini, mwalimu aliingia nyuma ya pazia akitabasamu.

“Mgeni wetu wa heshima amefika. Mjane wa mshairi mwenyewe!”

Waigizaji walipiga makofi. Redio aliikatiza katikati amri aliyokuwa akiitoa.

“Vipi, Redio, mawimbi yamekatika?” aliuliza Mlingoti, mvulana mrefu aliyeigiza mshairi. “Si rafiki yako huyo? Atafurahi kujiona.”

Atajiona akichoma kazi ya mumewe, mbele ya watu mia nne.

Mwalimu alimshika mkono, akampeleka benchi la mbele. Bibi mmoja mwembamba alikuwa ameketi hapo, mkoba magotini.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Huyu ndiye aliyekuja kwako zile Jumamosi tatu,” mwalimu alisema, kisha akakimbilia mlangoni kupokea wageni wengine.

Bibi alimtazama Redio kwa muda mrefu. “Kumbe? Nisamehe, mwanangu. Siku hizi nasahau. Juzi nilisahau sufuria motoni, na sasa nimekusahau hata wewe.”

Njia ya kuponea ilikuwa wazi, pana kama lango la shule. Redio angenyamaza tu. Hata lile onyesho, angeweza kusema bibi ndiye aliyelisimulia, kisha akalisahau. Alifungua mdomo aseme, “Usijali, bibi.” Ndipo akaona vidole vya mzee vimeufinya mkoba, kana kwamba nao utampotea.

“Hujasahau kitu,” alisema. “Sikuja, bibi. Hata siku moja.”

Akamweleza yote, mpaka ule moto.

Bibi aliuweka mkoba benchini. Mlangoni, watu walizidi kujaa.

“Miaka thelathini nilimchanganyia wino,” alisema hatimaye. “Na wewe umenipa kiberiti.”

“Nisamehe, bibi.”

“Mwite mwalimu wako.”

Mwalimu alisikiliza huku tabasamu likimtoka kidogo kidogo. “Basi hakuna mchezo,” alisema. “Nitawaambia watu warudi makwao.”

“Ngoja kwanza,” bibi alisema. “Moto ulikuwepo, ila hakuuwasha mtu mwenye hasira. Mvua ilinyesha wiki nzima, kuni zimelowa, mtoto wetu anatetemeka kwa homa, na hatuna hata moto wa kuchemshia maji. Mume wangu alizileta mbao mwenyewe. Nikamshika mkono. Akaniambia, ‘Mama, picha nimeshazitoa humo. Zilizobaki ni kuni.’”

Mlingoti, aliyekuwa amechungulia kutoka nyuma ya pazia, alijitokeza. “Mwalimu, hilo naliweza.”

Mwalimu alimgeukia Redio. “Una dakika ishirini. Safari hii andika anachosema yeye. Na kabla pazia halijafunguliwa, utasimama mbele uwaambie watu ulichofanya.”

Redio aliandika, kisha akasimama mbele ya watu akakiri. Wengine walimzomea, wengine walicheka. Lakini alimaliza.

Mwishoni Mlingoti alipiga magoti, akazitia mbao motoni moja baada ya nyingine. Redio hakutazama jukwaa, alimtazama bibi. Yale maneno ya kuni yalipofika, midomo ya bibi ilitikisika pamoja na ya Mlingoti.

Watu walipoondoka, mwalimu alimwita Redio.

“Kubuni si kosa. Niandikie hadithi ya mazimwi kesho, nitakuwa wa kwanza kuisoma. Lakini ukisema, ‘Hivi ndivyo fulani alivyoishi,’ umebeba maisha ya mtu mikononi. Marehemu hawezi kuinuka akukatalie. Ndiyo maana ni lazima uende, ukae, uulize.”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Ungeweza kumwachia bibi aamini akili yake imechoka, lakini hukufanya hivyo. Hilo nimeliona. Hata hivyo, bwalo utalifagia mwezi mzima. Anzia jukwaani.”