Kipimo cha Kina

Haya yalimpata rafiki yangu Detlef Harmsen, fundi mitambo wa gudi moja la kutengenezea meli mjini Kiel, mwaka wa mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia. Nyambizi ilizama mazoezini, ikaua vijana thelathini, mmoja wao Uwe, mdogo wake. Ikaibuliwa, ikaoshwa, ikapakwa rangi, ikapangiwa vijana wengine.

"Kafunge kipimo kipya cha kina," msimamizi, mzee Boysen, alimwagiza.

"Mdogo wangu kafia humo, mzee."

"Wanangu wawili wamefia Urusi. Chuma cha kuunda nyingine hakuna, Detlef. Nenda."

Adhuhuri ile nyambizi ilikuwa juu ya magogo, kwenye gudi lililokaushwa maji. Detlef akashuka ndani na taa yake. Rangi mbichi ilinukia, na chini ya harufu ile uvundo wa tope. Nyundo za nje zilififia, zikanyamaza. Kisha kuta zikaanza kulia, taratibu, kama zinavyolia maji yanapozibana baharini.

"Uwe?" aliita, akajionea aibu.

Alikitoa kipimo kwenye boksi. Hakikuwa kimeunganishwa na bomba lolote, lakini mshale ulitoka kwenye sifuri ukaanza kupanda: kumi, ishirini, thelathini. Kadiri ulivyopanda, ndivyo kuta zilivyozidi kulia.

"Kinafanya kazi?" Sauti ya Boysen ilimfikia kwa mbali sana, kutoka juu.

Detlef alisogeza taa karibu. Mshale ulikuwa umesimama, unatetemeka, kwenye mita arobaini na moja, pale pale wapiga mbizi walipomkuta Uwe.