Mlango Unaosema Karibu

Kioo kidogo kilichobandikwa juu ya kaunta kilisema ndani kuna mtu mmoja. Ndani hapakuwa na mtu. Ilikuwa saa nane mchana, madereva wa malori wameshakula na kuondoka, na Priscila alikuwa amesimama katikati ya mgahawa wa dada yake na fagio mkononi, akihesabu kwa kidole viti vitupu.

"Dada!" aliita kuelekea jikoni. "Kuna mteja hajatoka?"

"Mteja gani? Wa mwisho ni yule wa lori la saruji. Ametoka zamani."

Priscila akabonyeza kitufe, namba ikarudi sifuri. Akajisemea ni waya umelegea, akaendelea kufagia.

Kile kitu alikitengeneza mwenyewe. Priscila Nkeshimana alikuwa fundi simu pale njia panda ya Nyakanazi, kibanda chake ukuta kwa ukuta na mgahawa wa dada yake Jovitha, lakini simu zilikuwa kazi tu. Mapenzi yake yalikuwa kuunda. Alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wabunifu wa mikoa ya ziwa, ambako kila asubuhi watu walitumiana habari za vifaa vipya: saa inayopima mapigo ya moyo, taa inayowaka ukipiga makofi, na siku moja, mlango wa hoteli huko ng'ambo unaohesabu wageni na kuwasalimu. Video ya mlango ule aliitazama mara kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuitazama. Alikuwa ameshashika bisibisi.

Kwenye miimo ya mlango wa mbele alifunga jozi mbili za vijitaa vya rimoti mbovu, moja nyuma ya nyingine, ili mtu akikatiza miali yake isiyoonekana, mashine ijue kama anaingia au anatoka. Juu ya mlango akaning'iniza kihisi chenye macho mawili kama ya bundi, kinachotuma mlio usiosikika na kupima unavyorudi, hivyo kikajua kimo cha kila anayepita. Kimo hakikuwa na kazi yoyote. Alikiweka kwa sababu kihisi kilikuwepo. Mwisho akatoa spika kwenye redio iliyokufa, akamrekodi Jovitha, maana hakukuwa na sauti kama ya Jovitha njia panda nzima. Madereva waliokuwa wakielekea Rwanda na Burundi walisema wakilala porini wanaisikia.

"Karibu ndani, pita ukae," mlango ukawa unasema kila mtu akiingia. Watu walicheka, wakatoka na kuingia tena ili wakaribishwe mara ya pili.

Ila siku ya pili kioo kikasema tena: ndani, mtu mmoja. Na siku ya tatu.

Priscila akabadilisha waya. Akabadilisha betri. Akafuta programu na kuiandika upya. Kisha akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaisoma kwenye kompyuta yake kuukuu, na humo akakuta mgeni. Kila siku, saa saba na dakika kumi na mbili, mtu mmoja aliingia ambaye hakutoka. Siku ya kwanza kimo chake sentimita arobaini na moja. Ya pili, hamsini na nane. Ya tatu, sabini na saba.

"Ni mbuzi," alisema Jovitha, akikohoa. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza tangu jana yake.

"Mbuzi gani anakua hivyo kwa siku tatu?"

"Basi ni mashine yako. Niache nipike."

Siku ya tano Priscila alifunga kibanda chake, akaketi kwenye meza ya mwisho akiukodolea macho mlango. Jua lilikuwa kali, lami nje inameta, na ndani palikuwa na madereva wawili tu wanaokula ugali na maharage. Saa saba na dakika kumi na mbili spika ikakohoa kidogo kama kawaida yake. "Karibu ndani, pita ukae," ikasema sauti ya Jovitha, nzuri, nyororo, sauti ambayo Jovitha mwenyewe hakuwa nayo tena, na hakuna aliyepita. Lakini pazia la mlango lilisogea kuelekea ndani, likajikunja kwenye kimo cha kiuno cha mtu mzima, likateleza juu ya kitu, likaanguka tena mahali pake. Harufu ikafuata, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Dereva mmoja akaacha kutafuna. Kiti cha pembeni, kile cha karibu na mlango wa jikoni, kikalia kama kinavyolia kiti kinapokaliwa.

Jovitha akatoka jikoni na sahani ya wali na maharage, akaiweka mbele ya kiti kile kitupu, akaipangusa ukingo kwa kitambaa.

"Dada," Priscila alinong'ona, "umempakulia nani?"

Jovitha aliitazama sahani kama vile imeletwa na mtu mwingine. "Sijui," alisema kwa sauti iliyobaki nusu. "Mikono imefanya yenyewe."

Toka hapo Priscila hakutulia. Akishika simu ya mteja, aliiacha nusu. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda kuchungulia mlangoni. Sentimita mia na kumi na tisa. Mia thelathini na nane. Aligundua pia kwamba mgeni hakuwa akitoka kwa mlango wa mbele kwa sababu alikuwa akipitia jikoni, na nyuma ya jikoni kulikuwa na chumba kimoja tu, alicholala Jovitha. Kila asubuhi Jovitha aliamka amekonda zaidi, koo limekauka zaidi, na shuka zake zinanuka majivu.

Siku ya nane kihisi kiliandika mia hamsini na moja. Priscila aliitazama namba ile mpaka macho yakamuuma, kisha akatafuta kwenye kumbukumbu siku ile ya majaribio alipomwambia dada yake apite mlangoni. Mia hamsini na nane. Kwamba ni jini hakuwa na shaka tena, na halikuwa likikua ovyo kama mtoto anavyokua. Lilikuwa linapanda kufikia mahali fulani, na mahali penyewe ni utosi wa Jovitha.

Kesho yake asubuhi aling'oa kila kitu. Alikata waya, akatoa betri, akaitia spika kwenye ndoo na kuifunika. Ikafika saa saba na dakika kumi na mbili naye yuko jikoni, amesimama karibu na dada yake anayekatakata kabichi, anahesabu dakika kwenye simu, na akaanza kuvuta pumzi ya nafuu kwa sababu mlango ulikuwa kimya, mlango ulikuwa mbao tupu, mlango haukuwa na sauti yoyote ya kumkaribisha yeyote, ndipo Jovitha akaacha kisu, akanyoosha mgongo, akageuza uso kuelekea barazani huku macho yake hayaoni kitu, akafungua kinywa na kusema, kwa mkupuo mmoja, kwa sauti safi iliyokuwa imempotea wiki nzima, "Karibu ndani, pita ukae," na alipofunga kinywa hicho haukutoka tena hata mnong'ono.

Alijaribu. Alishika koo kwa mikono miwili akajaribu kuita jina la mdogo wake, na kilichotoka ni hewa.

Bi Anjelika wa Mbuba aliletwa na bodaboda asubuhi iliyofuata, amevaa helmeti, na mfuko wa majani umening'inia begani. Alikuwa mkulima wa maharage, na kazi hii ya kufukuza majini hakuipenda. Alirithi kwa shangazi yake, alisema, kama wengine wanavyorithi miguu mibaya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nioneshe mlango."

Priscila akamweleza yote. Bi Anjelika alipapasa miimo, akanusa pazia, akamtazama Jovitha kooni kama mtu anayetazama kisima kilichokauka.

"Wewe mwanangu una akili," alisema, "lakini akili yako ina haraka. Binadamu akisikia hodi anauliza, wewe nani? Hata akiwa na shughuli anauliza. Kitu chako hakiulizi. Kinakaribisha kuku, kinakaribisha upepo. Na hapa ni njia panda, mchana kama usiku vinapita vingi visivyo na miguu. Kimoja kimeambiwa karibu, kimekaribia."

"Tukifukuze basi. Nimwambie atoke?"

"Wewe hukumwita. Ameitwa na sauti ya dada yako, atatolewa na sauti hiyo hiyo."

"Dada hana sauti, bibi."

"Naona. Ndiyo maana ameichukua."

Nje lori lilipiga honi. Kisha Priscila akatoa simu yake mfukoni, polepole, akaitazama kama mtu aliyeokota kitu chake njiani.

Jovitha hakupenda kuandika. Miaka sita alikuwa amemtumia mdogo wake ujumbe wa sauti, mamia, na Priscila hakufuta hata mmoja. Akakaa chini na kompyuta yake, akaanza kusikiliza. Nimefika salama. Umekula? Mama anaumwa mguu. Jovitha akaketi kando yake akijisikiliza, machozi yanamtiririka bila kwikwi. Katika ujumbe mmoja alikuwa anasimulia alivyomkatalia dereva mmoja aitwaye Xavery, aliyejidai hana mke: "Nikamwambia sikutaki." Priscila akalikata neno hilo, akaliweka pembeni. Katika mwingine, wa siku alipohamia mgahawani, alikuwa anacheka: "Yaani leo nalala nyumbani kwangu!" Akakata hapo. "Wewe" akalipata kwenye ugomvi wao wa zamani. Neno la mwisho lilikuwa gumu, walisikiliza mpaka karibu saa sita, mpaka ujumbe mmoja wa kawaida kabisa kuhusu mafuta ya kupikia, ambao katikati yake mbuzi wa jirani alikuwa ameingia jikoni, na Jovitha akamkaripia kwa ukali: "Toka!"

Priscila akarudisha mlangoni vijitaa, kihisi na spika. Safari hii hakuweka karibu. Bi Anjelika akafunga mlango wa jikoni kwa komeo, akakiosha kizingiti kwa maji ya umuravumba, yale majani ya dawa ya mfukoni mwake, mpaka harufu kali ya majani yale ikawawasha pua, akamkalisha Jovitha nyuma ya kaunta na rozari shingoni.

"Likiingia msiseme neno," alisema. "Likikuiteni msiitike."

Dakika ya kumi na mbili. Pazia likajikunja, juu, usawa wa uso wa mtu. Harufu ya majivu ikajaa, nzito kiasi kwamba Priscila aliionja ulimini. Kiti cha pembeni kikalia. Wakasubiri. Kiti kikalia tena, na sakafu ikaanza kusikika, hatua, hatua, kuelekea jikoni, zikasimama penye maji ya umuravumba, zikarudi nyuma, zikazunguka meza moja, meza ya pili, kwa kasi, kama mtu aliyefungiwa anayetafuta upenyo, na vikombe vikaanza kutetemeka kwenye misumari, na kutoka mahali fulani kati ya kaunta na dari ikasikika sauti ya Jovitha ikisema kwa unyonge, "Priscila, mdogo wangu, niitikie," na Priscila akauma kidole chake mpaka damu na kwa mkono mwingine akabonyeza kitufe.

"Wewe," ilisema spika, kwa ukali wa ugomvi wa zamani. "Sikutaki," kwa dharau ya Xavery. "Nyumbani kwangu," kwa kicheko. Kisha, kwa hasira ya mbuzi: "Toka!"

Hatua zikasita. Akabonyeza tena. Na tena. Mara ya saba pazia likavimba kuelekea nje, likararuka kwenye pete zake, na upepo wenye majivu ukavuka baraza na kupotea juani. Kwenye kioo ikasomeka: ametoka mmoja, sentimita mia hamsini na nane. Ndani, sifuri.

Bi Anjelika alijifuta jasho, akavaa helmeti yake.

"Sauti yake itarudi?" Priscila aliuliza.

Bi Anjelika alikaza kamba ya helmeti. "Kilichokula hakitapiki kila mara. Mpe uji, mpe siku." Akapanda bodaboda, ikamchukua.

Dada wawili wakabaki barazani wameshikana mikono. Jovitha aliweza kutabasamu. Shavu lake lilikuwa limepata rangi. Priscila alikuwa anafikiria kwamba atajifunza lugha ya ishara, atamtengenezea kitu cha kuzungumzia, aliposikia kutoka ng'ambo ya barabara, wazi kabisa, sauti nyororo aliyoijua tangu utotoni:

"Hodi, Mama Ishimwe!"

Akageuka kumtazama dada yake. Kinywa cha Jovitha kilikuwa kimefungwa.

"Karibu, jirani!" Mama Ishimwe alijibu kule kwake, bila hata kutua. "Pita tu uani!"

Wakakimbia. Lori la tela mbili likawazibia njia, refu, halimaliziki, na walipovuka walimkuta Mama Ishimwe ameketi mlangoni mwa banda lake la chakula, ungo mapajani, ameinamia maharage anachagua mawe.

"Mama Ishimwe," Priscila alihema, "nani ameingia kwako?"

"Si dada yako? Jamani, nimefurahi sauti imemrudia. Yuko uani ananisaidia kumenya ndizi."

Ni kweli, uani kisu kilikuwa kinasikika, na ganda likianguka kwenye beseni, na lingine. Jovitha akamkamata mdogo wake mkono mpaka kucha zikazama.

Mama Ishimwe akainua uso. Akamwona Priscila, kisha akamwona aliyesimama nyuma yake. Maharage yakamtoka vidoleni, punje moja moja.

Huko uani kisu kikanyamaza.

"Mama Ishimwe," sauti ikauliza kwa upole, "umepata wageni?"