Shimo Nyuma ya Kitanda cha Tumu

Kila Jumamosi Mwanarusi alikanda udongo na kuziba shimo lililokuwa ukutani, nyuma ya kitanda cha binti yake Tumu. Jumamosi iliyofuata alilikuta shimo lile lile limerudi.

"Panya wa kijiji hiki cha Bodo hawana adabu!" alilalama. Tumu alisikia, akajifanya anafagia.

Tumu huyu, jamani, alikuwa mtoto wa kusifiwa! Siku ya uhuru, bendera mpya ilipopandishwa shuleni, yeye ndiye aliyeongoza nyimbo, na sauti yake ikafika mikokoni. Lakini sasa mwaka ulikuwa umepita, Tumu ametimiza miaka kumi na miwili, na amekuwa mtu mwingine kabisa. Alisinzia darasani. Akitumwa kisimani, hupumzika njiani mara tatu. Shoga yake Mwanapili alipomtania, "Bikizee, njoo turuke kamba," Tumu alimrushia kata ya maji, kisha akajificha kulia. Hakujua hasira ile ilitoka wapi.

Mwalimu Garama alimwita mvivu mbele ya wenzake. Bibi yake Tumu, Bimkubwa, naye alikuwa na lake.

"Huyu ana pepo," alisema. "Na pepo mwenyewe hataki shule. Alhamisi ngoma itapigwa, kisha mtoto akae nyumbani."

Jogoo mwekundu wa kumpa pepo alikwisha kufungwa mguu uani. Kila alipowika, Tumu alishtuka. Alitamani sana kuwa mwalimu siku moja, na sasa alikuwa amebakiwa na siku chache tu za shule.

Jumatano Bwana Afya, jina lake Chengo, alikuja shuleni kukagua watoto. Alipomfunua Tumu kope ya chini, aliguna. Masomo yalipokwisha, alifuatana naye mpaka kwao.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alijibu Bimkubwa.

"Mama, mtoto huyu amepungukiwa damu. Kope zake ni nyeupe kama tui." Chengo akamgeukia Tumu. "Niambie, unakula udongo?"

Bimkubwa aliruka. "Astaghafirullahi! Nyumba hii ina njaa gani hata mtoto ale udongo?"

Tumu aliinamisha kichwa. Akikana, bibi yake atabaki na heshima mbele ya mgeni, lakini kesho ngoma italia na shule itakuwa imekwisha. Akikubali, ataaibika yeye na nyumba nzima. Uani jogoo akawika.

"Ndiyo," alisema Tumu kwa sauti ndogo. "Ninauchimba ukutani. Nikisikia harufu yake, siwezi kujizuia. Mama, si panya. Nisamehe."

Mwanarusi alishika kichwa. "Masikini panya! Siku zote hizi ninawasingizia!"

Chengo hakucheka. "Ahsante kwa kusema kweli, binti yangu. Nadhani ni safura. Kesho tutapima choo chako tuhakikishe. Minyoo ya safura hukaa tumboni ikinyonya damu. Mtu akipungukiwa damu huchoka, husinzia, hukasirika bure, na wengine hutamani udongo. Watu husema ana tabia mbaya, kumbe ni mgonjwa."

"Na minyoo hiyo imemwingiaje?" aliuliza Bimkubwa.

"Mnakwenda haja wapi, mama?"

"Kule mikoroshoni. Sote twaenda huko tangu zamani."

"Basi ni huko. Mayai ya minyoo hutoka na choo, huanguliwa mchangani, na mtoto akipita miguu mitupu, vijiminyoo hutoboa ngozi vikaingia."

Bimkubwa alimtazama jogoo uani. "Na ngoma yetu je?"

"Iwekeni mpaka harusi, mama. Kwanza dawa, viatu, na shimo la choo."

Vipimo vilionyesha safura kweli. Tumu alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, na mama yake akampikia kunde, mchicha na samaki. Baba yake, Seifu, alichimba choo nyuma ya nyumba, na majirani wakaja kuiga. Miezi miwili haikutimia, Tumu alikuwa akiruka kamba na Mwanapili, baada ya kumwomba radhi kwa ile kata ya maji. Hata Mwalimu Garama alisimama mbele ya darasa akasema, "Tumu, ugonjwa wako niliuita uvivu. Nimekosa." Tumu alilia, lakini safari hii kwa furaha.

Jumamosi moja Bimkubwa alimfungua yule jogoo mwekundu na kumkabidhi mjukuu wake.

"Mpelekee Chengo. Mwambie ndiye aliyemtoa pepo."

Chengo alimpokea jogoo kwa mikono miwili. "Mwambie bibi ahsante sana. Lakini nilikuwa na dawa tu, Tumu. Wewe ndiye uliyesema kweli."

Aliporudi, Tumu aliwakuta mama na bibi yake wameinama nyuma ya kitanda. Ukuta ulikuwa mzima, hauna hata alama ya kidole.

"Alhamdulillahi," alisema Bimkubwa, akimvuta mjukuu wake kifuani. "Mtoto akibadilika tabia, tumfunue jicho kwanza kabla ya kumtukana. Nimelijua hilo uzeeni, na aliyenifundisha ni wewe. Haya, chukua daftari lako ukasome, mwalimu wangu."